Kumi na Nane, Ishirini

Nuku'alofa, Jumatatu, 3 Machi 2014

Mwalimu Merv,

Tangu Septemba hujaniandikia hata mstari mmoja. Kama umenuna kwa sababu niliita jedwali lako la kugeuza namba za ishara "kazi ya kizee," nalifuta neno hilo. Ni kazi ya kijana mbichi mwenye nywele zote kichwani. Haya, sasa nijibu, maana nina shida.

Programu ya kupima bahari imeanza kugoma. Unaikumbuka, ile ya kampuni iliyokufa zamani, ambayo hakuna mtu aliyebaki na maandishi yake ya asili. Ilitungwa kwa ajili ya mfumo wa kompyuta wa jirani, si wetu. Inakubali kuishi kwetu kwa sababu tu kiini cha mfumo wetu kinajua kujifanya kiini cha jirani, na huko kujifanya ni wewe uliyekuandika. Programu mzazi inazaa watoto. Kila mtoto anakwenda kusikiliza kipimo kimoja kule gatini, analeta kina cha maji, kisha anakufa. Mzazi anapigiwa hodi kwamba mtoto amekufa, anapokea alicholeta, anazaa mwingine. Miaka saba imefanya hivyo bila kelele.

Tangu tuhamie mashine mpya mwezi Januari, mzazi anasimama ghafla. Hajafa, hajaanguka, amesimama tu kama mtu aliyeambiwa asitikisike. Nikimwamuru aendelee, anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Siku za kazi si neno, napita kumgusa. Lakini unazijua Jumapili zetu: kanisani asubuhi, lu, ile nyama ya kufungwa kwenye majani, kutoka kwenye tanuri la shimoni mchana, usingizi, kanisani tena. Hakuna anayefungua ofisi, hata mimi. Mzazi akisimama Jumapili na bahari ikapanda, hakuna wa kuwaonya watu wa Sopu. Shangazi yangu Lupe anaishi Sopu, na mama yangu amezikwa huko huko, karibu na maji kuliko ninavyopenda.

Msalimie Mama Glenys. Mwambie kile chumba cha nyuma bado ni changu, asije akakijaza mashine za kushonea.

Mwanafunzi wako mkaidi,
Semisi Lolohea


Thirroul, 9 Machi 2014

Semisi,

Tazama kumi na nane. Kumi na nane, ishirini. Ifuate kila inakopita. Kuna mahali haigeuzwi.

Mkono unanisumbua, siandiki sana siku hizi. Kasuku weupe wamekula ukingo wa baraza, sasa wameanza fremu ya dirisha. Unakula vizuri? Usiishi kwa nyama ya kopo.

Merv


Nuku'alofa, 17 Machi 2014

Mwalimu,

Mistari mitatu, na umemaliza kazi ambayo ilinila wiki sita. Nimekasirika kwa furaha.

Nimeifuata kumi na nane kama ulivyosema. Kwa jirani, ishara namba kumi na nane maana yake mtoto wako amekufa. Kwetu sisi kumi na nane ni amri ya kusimama, na habari ya kifo cha mtoto ni ishirini. Jedwali lako linageuza vizuri, ila kwenye njia moja mpya tuliyoifungua mwaka jana, ambayo mashine hii mpya ndiyo ya kwanza kuitumia, namba ilikuwa inapita mbichi, bila kugeuzwa. Basi yule mzazi maskini alikuwa anapelekewa msiba wa mwanawe, na yeye anasikia "simama hapo hapo." Akawa anasimama. Nimerekebisha, na sasa wiki nzima hajasimama hata mara moja.

Nimekumbuka ule mwaka wa kwanza nilipokaa kwenu. Mlikuwa mmekaa jikoni na Mama Glenys, yeye anasoma namba za jirani kutoka kwenye karatasi huku anakata skonzi, na wewe unajibu namba zetu umempa mgongo, mkiliangalia jedwali kama kuna kosa. Nikadhani ni sala ya Waaustralia kabla ya kula.

Sasa nina jingine. Nilipokuwa humo ndani niliona sehemu ya mlango. Unajua mzazi anapoandika kwenye daftari lake huwa anafunga mlango, hataki hodi, mpaka amalize. Akifungua, wewe umeweka mzunguko: kiini kinamuuliza, kuna mtoto aliyekufa? Akimpokea huyo, kinauliza tena, kuna mwingine? Tena na tena, mpaka jibu liwe hakuna. Kwa heshima zote, Mwalimu, naona umerudia swali bure. Hodi ikipigwa, mtoto ni mmoja, anapokelewa, yamekwisha. Nimeuondoa mzunguko, faili limepungua mistari kumi na nne na linapendeza kuliangalia. Kiraka, yaani hayo mabadiliko, nimekiambatanisha.

Kama ilivyo desturi, sigusi faili hilo bila idhini yako. Wenzetu wote wananiambia hivyo hivyo: jina lake liko juu, akisema ndiyo, hakuna wa kuuliza. Basi niambie, nipitishe au nisipitishe?

Na tangu lini unaniuliza kama nakula? Umezeeka mpaka umekuwa Mama Glenys.

Semisi


Thirroul, 20 Machi 2014

Nola mdogo wangu,

Umetaka ukweli kuhusu Merv, si ule ninaowapa watu wa kanisani. Ukweli ni kwamba tangu kile kiharusi cha Oktoba mkono wa kulia haujarudi, na maneno hayajarudi. Anayo "ndiyo," anayo "chai," na ana tusi moja ambalo sitaliandika. Jina langu limempotea. Ananiita Chai, nami naitika.

Lakini namba anazo zote. Hili sikukuambia. Miaka kumi na tano nimemsomea lile jedwali lake, kila alipoligusa faili: mimi nasema namba ya jirani, yeye anajibu ya kwao. Silielewi hata kidogo, ila nalijua kama wimbo. Basi mwezi huu ilikuja kwenye kompyuta barua ya Semisi, yule kijana wa Tonga aliyekaa kwetu miaka miwili na kumaliza jamu yangu yote. Nilimsomea Merv ili achangamke tu. Kisha nikatoa karatasi ya zamani nikaanza. Kumi na sita. Akasema thelathini. Kumi na saba. Thelathini na moja. Nilipofika kumi na nane alinishika mkono mpaka pakawa pekundu, akawa anasema ishirini, ishirini, ishirini, huku macho yake yako kwenye barua ya kijana.

Nikamjibu kijana hivyo, kwa maneno niliyozoea kumsikia Merv akiwaambia wengine namba ilipopotea, nikaweka jina la Merv. Na lilikuwa jibu sahihi, Nola. Yumo humo ndani, nakuambia.

Leo imekuja barua ya pili. Nimemsomea yote, hata yale ya mizunguko na milango ambayo kwangu ni Kichina. Alisikiliza kichwa kimeinama. Mwishoni nikamuuliza, "Apitishe, Merv?" Akasema ndiyo. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, uso umemwiva, na ule mkono mzima unagonga meza, mara mbili, halafu tena mara mbili, tena mara mbili, mpaka chai ikamwagika mapajani kwake. Sijamwona na furaha kama ile tangu Oktoba. Nilimfuta suruali huku nalia kama mjinga, kisha nikaenda kuandika.

Najua utakachosema. Lakini wale watu wa mfumo wao hawajuani kwa sura, wanajuana kwa majina yaliyo juu ya mafaili. Wakijua hali yake wataliondoa lake, kwa upole, na barua zitakoma. Faili lile ndilo mahali pekee palipobaki ambapo Merv bado ni Merv. Sitawapa.

Dada yako,
Glenys


Thirroul, 20 Machi 2014

Semisi,

Pitisha.

Merv


Broken Hill, 26 Machi 2014

Dada Glenys,

Nimeisoma mara mbili. Nakupenda, na unafanya ujinga.

Mwambie huyo kijana. Namba ni namba, sawa, hapo nakubali kwamba yumo. Lakini "ndiyo" ya Merv usiijengee nyumba. Krismasi nilimuuliza kama amelala vizuri, akasema ndiyo, na wewe ukaniambia hajalala siku mbili. Nilimuuliza kama mimi ni mwanamume, akasema ndiyo, halafu akakasirika mpaka akalitoa lile tusi. Neno ndilo hilo moja, anachotaka kusema ni kingine. Mimi niliona, na mimi nimekaa huko siku nne tu.

Nitakuja Julai kukipunguza hicho kibarua chako. Tafadhali mwambie.

Nola


Nuku'alofa, Jumatatu, 16 Juni 2014

Bwana Tregear,

Jana bahari iliingia Sopu.

Mwezi ulikuwa mpevu, upepo ukasukuma kutoka kaskazini, maji yakapanda wakati wa ibada ya mchana. Kengele ya ofisi, ambayo mzazi huipiga maji yakipanda, haikulia. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu kwa hilo. Shangazi Lupe alitembea kwenye maji ya kiunoni akiwa na nguo zake za kanisani, na leo amelala anatetemeka. Niliporudi kutoka kwake nilipita makaburini. Lile blanketi la kushonwa tulilomtandikia mama juu ya kaburi, kama ilivyo desturi yetu, limekwenda. Magamba ya baharini yamekwenda, mchanga mweupe niliobeba kwa ndoo umekwenda, na msalaba umelala kifudifudi.

Leo asubuhi nimefungua mashine. Mzazi yuko hai. Amekaa anasubiri tangu Jumamosi. Jumamosi jioni alifunga mlango ili aandike, na mlango ukiwa umefungwa watoto wake wawili wakafa kwa pamoja, huyu wa kipimo cha gati na yule wa kipimo cha mwamba. Kiini hakihesabu hodi. Wakija wawili mlango umefungwa, wanaacha alama moja tu. Mzazi alipofungua akasikia hodi moja, akampokea mmoja, akarudi kwenye kazi zake. Wa pili amekaa nje na habari zake mkononi mpaka leo asubuhi, na mzazi hajui kwamba amekufa. Anamngoja arudi.

Ndiyo kazi ya ule mzunguko. Ndiyo maana ulikuwa unauliza kuna mwingine, kuna mwingine, mpaka uambiwe hakuna. Ulilijua hilo kabla mimi sijazaliwa kwenye kazi hii.

Aliyeufuta ni mimi. Sikatai. Lakini nilikuuliza, Bwana Tregear. Nilikueleza nilichofuta mstari kwa mstari, nikakungoja wewe, mtu aliyenirudisha mara tisa kwa ajili ya nukta moja. Ukaniandikia neno moja. Hukukisoma. Ulichoka, au ulikuwa na mambo mengine, au sisi wa visiwani tusubiri tu majibu ya mstari mmoja na kuulizwa kama tumekula. Kama huna tena moyo wa kusoma, basi usikae mlangoni.

Nimewaandikia wenzetu wote leo. Nimewaambia kwamba jina lako likiendelea kukaa juu ya faili lile litaua mtu. Wamelitoa.

S. Lolohea


Thirroul, Jumamosi, 21 Juni 2014

Semisi mwanangu,

Anayekuandikia ni Glenys. Na aliyekuandikia mwezi Machi ni Glenys pia, mara zote mbili.

Merv alipata kiharusi tarehe kumi na moja Oktoba, akiwa anavaa viatu. Hawezi kusema wala kuandika. Namba tu ndizo zilizobaki, na ile kumi na nane alikupa yeye mwenyewe, kwa sauti yake, naapa. Neno "Pitisha" ni langu. Nilimuuliza, akasema ndiyo, nami nikaamini kwa sababu nilitaka sana kuamini. Dada yangu alinionya kwamba ndiyo yake haina maana. Sikumsikiliza.

Hasira yako ni halali, ila umeituma nyumba ya mtu asiyehusika. Niandikie mimi. Barua yako ya Jumatatu sijamsomea, kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu ya hilo.

Samahani kwa shangazi yako. Samahani kwa kaburi la mama yako, ambaye alinitumia mkeka kwa posta mwaka ule ulipokuja kwetu, na nimekaa juu ya mkeka huo mara nyingi. Sijui namna ya kuomba msamaha kwa kaburi.

Glenys


Nuku'alofa, Jumatatu, 23 Juni 2014

Mama Glenys,

Barua yako niliisoma Jumamosi jioni nikiwa nafunga majani ya lu kwa ajili ya Jumapili. Niliacha majani hapo hapo. Niliketi kuandika nikashindwa kupata neno la kwanza, na ilipoingia Jumapili sikuandika kwa sababu ni Jumapili. Kanisani nililia mpaka mchungaji akadhani nalilia kaburi la mama.

Nimeandika maneno yale kwa mtu asiyeweza kunijibu. Mtu aliyenifundisha kazi akiwa amekaa pembeni yangu na sahani ya skonzi magotini. Naona aibu, Mama. Naona aibu kiasi kwamba natamani mngenitukana.

Leo saa mbili asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote, nimefanya mambo mawili. Nimeurudisha mzunguko kama ulivyokuwa, mistari yote kumi na nne, na chini yake nimeandika kwamba usiondolewe na mtu yeyote. Na nimewaandikia wenzetu wote kwamba kosa ni langu mimi, si la Mervyn Tregear, na kwamba jina lake lirudi juu. Wamelirudisha kabla ya chai. Mmoja wa kule Hobart ameandika kwamba hakuwahi kulala vizuri tangu litolewe. Mwambie, tafadhali. Msomee hii hata kama haelewi. Hapa chini nimemwandikia jedwali lote, upande wa jirani tu, ili wewe usome na yeye akujibu.

Mkuu wangu amenipa ruhusa ya wiki mbili mwezi Agosti. Nitakuja, kama bado mnanitaka kwenye chumba cha nyuma.

Kitu kimoja zaidi. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na naona umefungua mlango ukanipa habari moja. Mimi nilishawahi kusikia hodi moja nikaridhika, na umeona kilichotokea. Kwa hiyo nakuuliza kama alivyonifundisha yeye, hata kama jibu litaniumiza.

Kuna lingine?

Mwanao,
Semisi


Thirroul, 14 Julai 2014

Mwanangu Semisi,

Swali lako nimekaa nalo wiki tatu. Nola yupo hapa, ananiambia nikujibu, na safari hii namsikiliza.

Kuna lingine.

Nilikuambia sikumsomea barua yako ya kaburi. Nilimsomea. Kila barua yako huwa namsomea saa nne, kwenye chai, bila kuipitia kwanza kwa sababu napenda tuisikie pamoja. Nilipoona inakwenda wapi nikanyamaza, lakini alinishika mkono kama ile siku ya kumi na nane, akanibana mpaka nikaendelea. Nikasoma yote. Watoto wawili, hodi moja. Usikae mlangoni. Wamelitoa.

Nilipomaliza hakusema ndiyo. Aliuchukua mkono wangu akaufungua kiganja, akakigonga kwa kidole, mara mbili. Akaniangalia. Akagonga tena mara mbili.

Ndipo nikaelewa, Semisi. Ile siku ya Machi nilipomuuliza upitishe au usipitishe, mdomo wake ulisema ndiyo kwa sababu neno lilikuwa ni hilo moja, lakini mkono wake ulikuwa unasema wawili. Wawili, wawili, wawili, mpaka chai ikamwagika. Aliisoma kazi yako vizuri kuliko alivyosoma kazi yoyote maishani mwake. Alikukatalia kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Mimi nikaona furaha, nikamfuta suruali, nikaenda kukuandikia Pitisha.

Kwa hiyo hakuchoka, na hakuwa na mambo mengine. Nataka ulijue hilo kuliko kitu kingine chochote kwenye barua hii. Alikujibu. Aliyepotosha jibu ni mimi.

Baada ya siku ile ya barua yako ya kaburi hakutaka tena kukaa mezani. Nilimpeleka, akageuza kiti kwa mkono mmoja akaangalia dirisha.

Umesema unauliza hata kama jibu litakuumiza, basi endelea kusoma. Merv amefariki. Ilikuwa Jumapili, tarehe ishirini na mbili, kama saa tisa mchana, kiharusi cha pili. Nilitaka kukudanganya tarehe. Niliandika barua mbili zenye tarehe nyingine nikazifuta, kwa sababu nimekwisha kukudanganya vya kutosha, na Nola alikuwa amesimama nyuma yangu. Barua yako ilifika kesho yake asubuhi, jina limerudi, watu wa Hobart wamelala. Nilikuwa nachagua shati la kumvalisha. Hakujua kwamba limerudi. Aliondoka akidhani yuko nje ya mlango, na wewe usingeweza kubadilisha hilo, kwa sababu ilikuwa Jumapili na wewe ni mtu wa Jumapili, na mama yako alikulea vizuri. Usije ukajipiga nalo kifuani. Nimejipiga nalo mimi, linatosha watu wawili.

Ulituma jedwali la kumsomea. Nikamsomea. Kanisani, mbele ya jeneza, mahali ambapo kasisi alitaka nisome zaburi. Nilitoa karatasi yako nikasoma. Kumi na sita, nikangoja. Kumi na saba, nikangoja. Watu walitazamana, Nola akaniambia baadaye kwamba alidhani akili imenitoka. Kumi na nane. Nikangoja hapo muda mrefu kuliko inavyofaa kanisani. Miaka kumi na tano, hata baada ya kiharusi, sijawahi kusema kumi na nane bila kurudishiwa ishirini.

Nikasema ishirini mwenyewe, nikaketi.

Njoo Agosti. Chumba cha nyuma hakina mashine za kushonea, kina viatu vyake na magazeti ya tangu mwaka themanini na nne, na ninahitaji mtu wa kunisaidia kubeba. Blanketi la mama yako nimelianza. Sijui mishono yenu, nimetumia mashati ya Merv, yale ya bluu, nitakupa ulitandike. Kasuku wamemaliza dirisha.

Najua utaisoma barua hii na kuuliza tena, kwa sababu ndivyo alivyokufundisha. Uliza, mwanangu. Nimetazama kila mahali ndani yangu, na jibu ni lile ambalo mzunguko wake hulingoja.

Hakuna.

Mama yako,
Glenys Tregear